Watu Sitini wa Kusimama na Shiro

Shiro wangu amewajengea Waingereza ukumbusho. Sisemi picha ya kutundika ukutani, wala kibao cha jina la mtaa. Nasema ukumbusho wa chuma, mrefu kunipita mimi hata nikipanda kiti, umesimama kule kaskazini katika kijiji kinachoitwa Hollinmoor, palepale palipokuwa mlango wa mgodi wa makaa ya mawe. Baraza la kaunti limeupitisha, gazeti la kule limeandika jina lake lote, na hata herufi moja hawakukosea.

Haya, nimelitoa. Mwenyekiti alikuwa ameniandikia kwenye karatasi nimsalimie nani kwanza na nani amfuate nani, lakini jambo hili limenikaa kooni tangu Jumapili, na mtu mwenye kitu kooni hawezi kusalimu watu vizuri. Sasa nasalimu.

Mchungaji Wanjohi, uliyetufungulia kwa maombi na kutuazima ukumbi huu wa kanisa. Mheshimiwa Mwenyekiti wa chama chetu cha kusaidiana, Bwana Linus, pamoja na kamati yako yote. Bosi wangu Lorraine, uliyeketi hapo mbele na mpwa wangu Eddie akikutafsiria sikioni, na wewe Eddie tafsiri yote, usiruke hata yale ya kuniaibisha. Rafiki yangu Nazneen, uliyevuka London nzima kutoka Tooting na sinia tatu za bhajia mapajani. Akina mama wenzangu mliotoka shifti asubuhi na mkaja hapa bila kulala. Ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana. Na nyinyi watoto wetu mliozaliwa hapa, mnaosikia Kiswahili na kujibu Kiingereza: hamjambo nyote.

Nimepewa dakika tano niage kazi. Miaka ishirini na miwili nimewaosha, nimewalisha, nimewageuza na kuwanyanyua wazee wa nchi hii katika nyumba ileile moja ya kutunzia wazee hapa Tottenham, na leo mmenipikia, mmenivisha shada, mmenikalisha kiti chenye kitambaa. Nashukuru kutoka moyoni. Kuhusu kazi yenyewe sina mengi, maana mimi si mtu wa kujisifu. Nasema tu kwamba katika miaka hiyo yote hakuna mzee hata mmoja aliyewahi kuniponyoka mkononi, na kwamba nikienda likizo walikuwa wanakataa uji. Lorraine ni shahidi. Yamekwisha hayo. Dakika zangu zilizobaki ni za Shiro, na kama hazitoshi, Mwenyekiti, nitakopa za kwako.

Wengi wetu hapa, tusidanganyane, tunaijua London na njia ya kwenda uwanja wa ndege. Tukisikia kaunti ya mashambani tunafikiri kondoo. Kondoo wapo, sikatai, nimewaona, wengi na wachafu. Lakini chini ya hao kondoo, ndugu zangu, kulikuwa na makaa ya mawe, na chini kule kwenye makaa kulikuwa na wanaume, baba na mtoto na mjukuu, waliokuwa wanashuka gizani asubuhi na kupanda jioni weusi kunishinda mimi. Na mnajua wakishaoga walifanya nini? Walichukua matarumbeta. Kila nyumba ya kijiji kile ilikuwa na vitu viwili nyuma ya mlango, taa ya mgodi na tarumbeta. Mgodi ulifungwa kabla Shiro hajazaliwa. Matarumbeta hayajafungwa mpaka leo, kila Alhamisi wanafanya mazoezi.

Sasa watu wa kaunti ile walikaa wakaona kwamba wazee wanaondoka mmoja mmoja, na watoto wanapita kando ya mahali pa mgodi wakidhani ni kilima tu. Wakasema, tuweke alama. Pale palipokuwa na kitu, pasimame kitu. Ndiyo maana ukiingia Hollinmoor leo unapokelewa na gurudumu la mgodi, nusu limezikwa ardhini, lile lililokuwa linashusha watu chini kwa kamba. Ni Shiro aliyelisafisha na kulisimamisha. Ukifika kwenye chumba cha bendi kuna benchi la chuma lililojikunja kama tarumbeta, unakaa ndani ya mdomo wake, na mvua haikupati. Ni Shiro. Na ukipanda mpaka juu, kwenye mlango wa mgodi, kuna wanabendi wa chuma wamesimama safu moja, wamevaa kofia za mgodini na matarumbeta mikononi. Hao ndio nitakaowaeleza. Waliomba kazi ile watu zaidi ya mia, wengine wana digrii mpaka zinawashinda kubeba. Alichaguliwa nani?

Asanteni. Pigeni tena, sitawakataza.

Sasa nafika mahali pagumu, na naomba Mchungaji aniombee huku nikiendelea.

Nyote mnajua kwamba Shiro ni injinia. Aliyewaambia ni nani? Ni mimi. Niliwaambia hapa ukumbini, niliwaambia sokoni, niliwaambia kwenye harusi na kwenye matanga. Mama Fulani akisema wa kwake ni mwanasheria, mimi nasema wa kwangu ni injinia wa vyuma. Bwana Linus, ndugu yangu, umeniomba miaka mitano Shiro aje akuangalizie boila ya kupasha nyumba joto. Kila baridi unaniuliza, na kila baridi nakujibu yuko safarini. Linus, Shiro hajui boila. Hajawahi kujua boila. Nisamehe kwa zile baridi ulizokaa na koti ndani ya nyumba yako.

Shiro alisomea uuguzi mwaka mmoja, kwa sababu mimi nilitaka. Akaja jikoni siku moja akaniambia, kwa Kiingereza kama kawaida yao, mimi nawapa kwa Kiswahili, "Mama, siwezi. Nataka kusomea kuchonga." Nikamuuliza, kuchonga nini, viazi? Akasema kuchonga sanamu, kukata vyuma na kuviunganisha kwa moto. Nikamwambia, "Mimi nimeishia darasa la nane, nimekuja nchi hii kusafisha watu ili wewe usichomwe na cheche kama fundi wa kando ya barabara." Akaenda akasoma alichotaka, na mimi nikaja huku kwenu nikasema, injinia.

Uongo ni kama mgeni aliyesema anakaa siku mbili. Ulikaa mpaka mtoto akamaliza chuo.

Siku ya digrii yake niliwaambia, na mnakumbuka, kwamba nilikuwa kazini, kwamba mzee mmoja alizidiwa na nikaitwa. Wengine wenu mlinihurumia, mkaniletea keki. Lorraine, wewe hukuwahi kuniuliza kitu, na leo nataka usikie kwamba nilijua unajua. Wewe ndiye uliyenipa siku ile. Ulibadilisha rota nzima ya zamu, ukafanya shifti yangu kwa mikono yako mwenyewe, ukaniambia nenda ukapige makofi mpaka mikono iume. Na Nazneen, wewe ulinipa kitambaa cha samawati kutoka dukani kwako kwa nusu bei, ukanishonea gauni, na tangu siku ile kila tukionana unaniambia, "Mama Shiro, picha yangu iko wapi? Nataka kuona gauni langu limesimama na mtoto." Mimi nakwambia simu iliharibika. Nazneen, hakuna simu iliyoharibika.

Nilivaa gauni. Nilipaka mafuta. Nilifika kituo cha basi. Likaja basi la kwanza, nikafikiri, pale chuoni wataita majina na watasema amesomea nini, kwa kipaza sauti, na Linus amesema atakuja na kamera. Likaenda. Likaja la pili. Nikafikiri, nikimpigia Linus nimwambie asije, nitamwambia sababu gani? Likaenda. La tatu sikulingoja. Nilirudi nyumbani, nikalivua gauni, nikalitundika, nikamwandikia mtoto wangu ujumbe, "Wameniita kazini, pole." Nikawaandikia na nyinyi hayohayo, na Linus akabaki na kamera yake nyumbani.

Picha ya siku ile ninayo. Ni Shiro peke yake, na lile joho na kofia, ameshika maua. Nikamuuliza baadaye, maua alikupa nani? Akasema, "Ni ya mama wa mwenzangu. Aliniazima nipigie picha."

Miaka mitano, ndugu zangu. Alinipigia kila Jumapili, sitamsingizia, hakuwahi kuruka hata moja. Lakini tulikuwa tunaongea habari ya mvua. Kwako inanyesha? Inanyesha. Na kwako? Imekatika. Mtu na mamake.

Mwezi wa pili mwaka huu nikasema basi, naenda kumchukua nimrudishe. Nilikuwa nimesikia anakaa kwenye chumba kilichokuwa stoo ya kanisa na anafanyia kazi ndani ya banda la kondoo. Nikapika chapati ishirini, nikapanda treni, halafu treni nyingine, halafu basi linalopita mara mbili kwa siku. Kule kila mtu anakuita mpenzi. Ukinunua maziwa, mpenzi. Ukiuliza njia, mpenzi. Nikafika bandani, nikaona mtu amevaa kinyago cha chuma na aproni ya ngozi, moto unaruka, sikujua kama ni mwanangu au ni nani. Akainua kinyago.

"Mama, si ungepiga simu?"

"Nilipiga. Hukushika."

"Nilikuwa nachomelea."

"Unakula?"

"Nakula."

"Unakula nini?"

Nikafungua chapati. Alikula nne amesimama.

Ndipo nikageuka nikawaona. Wanaume watano wa chuma, wamesimama nyuma yake bandani. Mimi sijui sanaa, nawaambia wazi. Lakini nimewashika wazee miaka ishirini na miwili, najua bega la mtu aliyebeba vizito likoje, najua goti linavyokataa, najua kifua cha mtu aliyevuta vumbi kinavyopanda. Na vyote hivyo vilikuwa pale, kwenye chuma. Yule wa mwisho nilimjua kabisa, alikuwa na shingo ya mzee wangu mmoja wa chumba namba saba, Mungu amrehemu. Nikauliza, "Hii shingo umeitoa wapi?" Shiro akasema, "Nilipokuwa mdogo ulikuwa unanipeleka kazini kwako siku za likizo. Nilikuwa nawaangalia."

Nilidhani alikuwa anaangalia televisheni.

Wakati huohuo akaingia Mzee Wilf. Huyu ana miaka themanini na minne. Mgodini alifanya kazi mpaka siku ulipofungwa, na kwenye bendi bado yumo, anapuliza lile tarumbeta kubwa la kupakata. Shiro alikuwa amemwita aje aone kazi imekwisha, kabla ya kamati. Akavua kofia. Akazunguka mara ya kwanza, akazunguka mara ya pili, pole pole, na mkono wake ukipita mgongoni kwa kila mmoja. Shiro anamtazama usoni. Mwishowe akasema, "Ni wazuri, mpenzi. Wako wote."

Shiro akasema asante.

Akasema, "Hapana, hukunielewa. Wako wote. Hiyo ndiyo taabu."

Tukamkalisha, nikampa chapati, akatueleza. Kule chini, alisema, taa yako inaonyesha mbele ya pua yako tu, na safari ya kufika kwenye makaa ni ya saa nzima kwa miguu. Kwa hiyo wanabendi walikuwa wakitembea wanavuma, kila mmoja anavuma sauti yake ya kwenye wimbo, huyu ya juu, huyu ya kati, huyu ya chini. Hawakuwa wanajiburudisha. Ilikuwa ndiyo namna ya kuhesabiana gizani. Sauti moja ikikatika, wote walisimama. Wakauliza, nani amenyamaza?

Na mwanabendi akifia mgodini, alisema, bendi haikumweka mtu mwingine mahali pake mwaka mzima. Wakitembea barabarani, safu ina pengo. Wakipiga wimbo, sauti yake haipigwi, wimbo unakwenda na tundu lake hivyo hivyo, na kila mtu kijijini anasikia ni nani asiyekuwepo. Mwaka ukitimia, mtu wa nyumba yake anakuja kusimama kwenye pengo lile wimbo mmoja mzima. Awe mke, awe mama, hata kama hajui kupuliza kitu. Anasimama tu. Baada ya hapo ndipo mgeni anaruhusiwa kuingia. Mzee Wilf alisema, "Mimi nilikuwa na miaka ishirini na moja. Kaka yangu alikuwa wa pili kutoka kushoto. Mama yetu alikuja akasimama kando yangu na aproni yake. Safu isiyo na pengo, mpenzi, si ya Hollinmoor. Hiyo ni bendi ya kwenye kalenda."

Sasa niambieni, ingekuwa wewe ungefanya nini? Miezi minne ya kazi, na siku tisa zimebaki kamati ije. Mimi nilikuwa tayari kumwambia yule mzee ale chapati yake aende zake. Shiro alishusha kinyago, akawasha moto, akaanza kumkata wa pili kutoka kushoto.

Kumkata ni kazi, lakini kumtoa ndiyo kazi. Mnyororo ulimshika juu, lakini chini alikuwa anayumba, na Shiro peke yake hawezi, na Mzee Wilf si wa kunyanyua kitu. Shiro akaanza kuvuta kwa mgongo. Nikamwambia, "Simama hapo. Nani amekufundisha kunyanyua mtu hivyo?" Nikavua koti. Nikamwambia, kunja magoti kidogo, mkono mmoja nyongani, mmoja chini ya bega, mtazame usoni, na usimvute, mwende pamoja. Nikahesabu ninavyohesabu siku zote, moja, mbili, tatu. Tukamshusha mtu wa chuma kama tunavyomshusha mzee kitandani, na hakugonga mahali hata kidogo. Nimewanyanyua Waingereza miaka ishirini na miwili, jamani, lakini yule ndiye aliyekuwa mzito kuliko wote.

Tukakaa chini kwenye majani makavu, tunahema, tunacheka. Na katika kucheka kule mtoto akanigeukia, akaniuliza taratibu, "Mama, ile siku ya digrii. Kweli walikuita kazini?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yangu. Na mimi nilisema nini?

Nikasema, "Waliniita kazini, ndiyo."

Akatikisa kichwa, akaamka, akaenda kuzima gesi. Nilirudi London na sufuria tupu, na bila ya yule niliyekwenda kumrudisha.

Kamati ilikuja, ikaona pengo, na nimeambiwa wanawake wawili walitoka nje kulia. Pale chini kwenye pengo Shiro ameweka nyayo mbili za buti, za chuma, ili yeyote anayetaka asimame katikati ya wale wanne. Na kamati imeamua kwamba siku ya kuufunua ukumbusho, bendi itapiga wimbo mmoja na tundu lake, na wa kwanza kusimama kwenye zile nyayo atakuwa mtu wa nyumba ya yule aliyelikata pengo. Kwa desturi yao ni nyumba ya marehemu, lakini huyu wa chuma hana nyumba nyingine ila ya aliyemchonga. Mtu wa nyumba yake.

Jumapili iliyopita simu ikalia. Shiro akaanza na mvua. Halafu akanieleza mambo ya kamati, haraka haraka, kama mtu anayesoma tangazo, akamaliza hivi: "Nimewaambia pengine hutaweza, kwa sababu una kazi."

Nilikuwa nimebakiza siku tano za kazi, ndugu wageni waalikwa. Siku tano. Baada ya hapo nilikuwa sina tena hata pa kujificha.

Nikamwambia. Nilimwambia yote kama nilivyowaambia nyinyi leo, basi la kwanza, la pili, na la tatu nisilolingoja. Nilimwambia sikuitwa na mtu. Nilimwambia nilimwonea aibu mbele ya watu, na kumbe wa kuonewa aibu nilikuwa mimi. Hakukata simu. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani laini imekufa, nikasema, "Shiro, nani amenyamaza?" Halafu akaniuliza, "Ulivaa gauni gani?"

Nikasema, lile la samawati, la Nazneen.

Akasema, "Basi livae hilo."

Nililia, siwafichi. Na yeye alilia, ila atakataa mkimwuliza. Tulipojifuta akasema, sasa niwaandikie kamati tutakuwa wangapi upande wetu, wawili? Wale wa kule wataleta familia zao zote, ila mimi, akasema, mtu mmoja ananitosha.

Nikamwambia, waandikie sitini.

"Mama. Sitini wa wapi?"

"Watu wetu."

"Mama, hao watu watapika. Ukisema sitini, watapika vya sitini."

"Wapike."

Na wamepika kweli, au tuseme wameshaandaa, maana kule mtu akisema sitini wanaamini ni sitini. Hawajui kwamba kwetu familia ni neno la kupima kwa macho. Kuna akina mama wa kanisa wa umri wangu wamegawana pai za nyama, huyu kumi, huyu kumi na tano. Mmoja amenipigia simu mwenyewe kuuliza kama wote tunakula nguruwe. Nimemwambia hapana mpenzi, wenzetu wa chama, Akil na Malak, na nyumba zao ni Waislamu, na Nazneen pia, basi za jibini zimeongezwa kumi na mbili. Wamepanga viti sitini kwenye chumba cha bendi. Wameandika kwenye kila kiti, kwa karatasi, Familia ya Shiro. Mzee Wilf amenyoosha sare yake.

Mmoja anamtosha Shiro, na huyo mmoja safari hii atafika hata akitambaa. Lakini mimi hanitoshi. Sikumdanganya Shiro peke yake. Kila mmoja humu ndani nilimpa injinia asiyekuwepo, na kwa ajili ya macho yenu, ambayo hayakunikosea kitu, nilimwacha mwanangu ashike maua ya kuazima. Nataka macho hayohayo yawe pale. Nataka Linus aje na kamera yake. Nataka nikisimama kwenye zile nyayo, na bendi inapiga, na sauti moja haipo, Shiro akitazama nyuma yangu aone watu wa kwao mpaka mwisho wa barabara, na asipate wa kumwuliza tena, sitini wa wapi?

Msiseme ni mbali. Tulikotoka sisi ndiko mbali. Msiniambie mna shifti: Lorraine amekaa pale, na amenionyesha kwa mkono sasa hivi kwamba atabadilisha rota, au Eddie ametafsiri vibaya. Basi lina viti arobaini na tisa na nimeshalilipia kwa ile bahasha ya kuagwa mliyonipa, kwa hiyo ni nyinyi mmejilipia, hakuna wa kunidai. Kumi na mmoja waliobaki watapanda gari la kanisa, na Mchungaji ameshakubali kwa kunyamaza. Wenye ngoma walete ngoma, maana Mzee Wilf ameniuliza kama sisi tuna bendi, na mimi, mnanijua, sikusema hatuna. Chapati ni zangu.

Nawashukuru kwa chakula, kwa shada, na kwa kiti hiki. Nawashukuru zaidi kwa kuniachia nimalize bila mtu kuinuka, hata nilipofika penye aibu yangu. Masikio yenu yamenibeba vizuri kuliko nilivyowahi kumbeba mtu. Mungu awakumbuke.

Tunaondokea mbele ya kituo cha Seven Sisters, saa kumi na mbili kamili asubuhi, na dereva ni Mpolandi, hangoji mtu. Ni Jumamosi, tarehe ishirini na sita, mwezi wa tisa.